Sura ya Nne: Maji Yako Wapi?

"Gari gani linafika Turkana?"

Tangu mimi na mume wangu turudi kutoka kaskazini, hakuna swali ninaloulizwa kama hili. Mashemeji wameniuliza harusini, mafundi wameniuliza gereji, na jirani yetu aliyenunua gari majuzi aligonga mlango usiku ili aniulize hilo tu. Wote wanataka nitaje jina la gari. Nawaelewa, kwa sababu sisi pia tulianzia hapo. Miezi miwili kabla ya safari, mazungumzo yetu ya chakula cha jioni yalikuwa injini, tairi na springi.

Siku hizi mtu akiniuliza, nami namuuliza: maji yako wapi? Tulikaa siku sita kati ya Marsabit na Maralal, tukilikata Jangwa la Chalbi na kuufuata ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Kila siku tulipishana na watu waliokuwa na magari duni kuliko letu: malori kuukuu yaliyosheheni mbuzi, pikipiki zilizofungwa kwa kamba za mpira. Walikuwa wakipita bila wasiwasi. Walijua mambo matatu ambayo sisi hatukuyajua: maji yalipo leo, yalipokuwa zamani, na yatakapotokea mvua ikinyesha. Ukiyajua hayo, utaelewa kwa nini njia inapinda pale unapodhani ingenyooka, na kwa nini mji upo pale ulipo.

Mlima unaokamua ukungu

Barabara kuu ya kutoka Isiolo hadi Moyale, kiasi cha kilomita 500, ilitiwa lami kipande kwa kipande hadi ikakamilika katikati ya miaka ya 2010. Kijana wa leo hawezi kuamini yaliyokuwapo kabla yake. Lami iliishia Isiolo. Mbele ya hapo watu walisafiri juu ya malori, wakishikilia vyuma, kwa msafara wenye askari kwa kuogopa majambazi, na safari ilikula siku mbili au tatu. Leo ukitoka Nairobi alfajiri, jioni uko Marsabit ukitafuta chumba.

Marsabit ndiyo somo la kwanza la maji. Unavuka nyika kavu kwa saa nyingi, kisha ghafla unapanda kwenye baridi na miti iliyofunikwa kuvumwani, ile mimea kama ndevu inayoning'inia matawini. Ni mlima wa volkeno wa mita 1,700 hivi, na hakuna mwingine karibu wa kuzuia hewa yenye unyevu itokayo Bahari ya Hindi. Hewa inagonga mlima, inapanda, inapoa, inakuwa ukungu. Usiku ukungu unajilaza juu ya msitu na majani yanaukamua tone kwa tone. Ukikata msitu ule, si kuni tu utakazopoteza, ni kisima. North Horr, ambako tungefika siku mbili baadaye, kwa kawaida hapapati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka.

Ndani ya msitu kuna gofu. Neno hili la wenyeji humaanisha kreta, yaani shimo kubwa la mviringo lililoachwa na volkeno. Gofu moja hubeba ziwa ambalo ramani huliita Ziwa Paradiso. Hapo ndipo walipoishi mume na mke Wamarekani, Martin na Osa Johnson, wapiga picha za wanyama waliofika mwaka 1924 na kukaa miaka kadhaa wakirekodi filamu za ndovu. Kila anayesimulia habari zao husema walikuwa wawili porini. Hawakuwa wawili. Walikuwa na msururu wa wapagazi, wapishi, madereva na wasaka njia, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye mabango ya sinema. Nalitaja hili kwa sababu wengi wanaoniandikia ni wanandoa vijana, na wanapenda wazo la kuwa wawili tu jangwani. Hata sisi tulilipenda. Lakini ukihesabu waliotuonyesha njia, waliotusukuma, na waliotukataza kwenda, hatukuwa wawili hata siku moja.

Hesabu ya madumu

Marsabit ndipo tulipojaza kila kitu, na hapo hesabu ilianza kuwa ya kweli. Tulikadiria lita 7 za maji kwa mtu kwa siku: 5 za kunywa, 2 za kupikia na kunawa. Watu wawili kwa siku sita ni lita 84. Tukabeba 100, kwenye madumu matano ya lita 20, kwa sababu gari likiharibika siku ya tatu, siku ya saba itakuja vilevile.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo tulikuwa na kilo 100 za maji, kama kubeba abiria wawili zaidi. Uzito kama huo hauwekwi kwenye keria juu ya paa, maana gari huwa zito kichwani na hupinduka kirahisi kwenye kingo za laga. Laga ni mto wa mchanga: mkavu karibu mwaka mzima, halafu siku moja unashuka kwa kishindo. Madumu yetu yalikaa sakafuni nyuma ya viti, yamefungwa kwa mikanda.

Vingine tulivyobeba, kwa walioomba orodha:

- Tairi mbili za akiba, pampu ya upepo, na kipimo chake
- Koleo la mpini mfupi na mbao mbili za kuweka chini ya jeki, ili jeki isizame mchangani
- Dizeli ya akiba lita 60, maana gari linalokwenda kilomita 9 kwa lita moja kwenye lami lilikwenda 5 tu mchangani
- Mafuta ya injini, mkanda wa feni, waya na gundi ya chuma
- Majani ya chai, sukari na tumbaku ya kutafuna, kwa ajili ya wenyeji wetu

Kwenye karatasi ya mume wangu, mstari wa mwisho haukuwapo. Niliuongeza mimi baada ya mama mmoja sokoni Marsabit kuniuliza, "Utafika kwa watu mikono mitupu, mama?" Kila mahali tulipopewa kivuli, sukari ile ilitangulia maneno.

Kwa ufupi: chagua gari lenye tumbo la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye vipuri ambavyo fundi wa Marsabit anavijua. Baada ya hapo achana na habari za gari, anza kuhesabu maji.

Chalbi, ziwa lililoondoka

Kutoka Marsabit njia inashuka kaskazini magharibi kuelekea Maikona na Kalacha. Joto linakupokea kama mlango wa tanuri uliofunguliwa. Mawe meusi ya volkeno yanapungua, udongo unakuwa mweupe, kisha mbele yako kila kitu kinakuwa sawasawa. Hakuna kichaka, hakuna mwinuko. Hiyo ndiyo Chalbi.

Kwa nini ni tambarare kiasi hicho? Kwa sababu ni sakafu ya ziwa. Maelfu ya miaka iliyopita, Afrika ya Mashariki ilikuwa na mvua nyingi kuliko sasa, na bonde hili lilijaa maji. Maji hujaza tope kwenye mashimo na kusawazisha kila kitu. Mvua zilipopungua ziwa lilikauka, likaacha udongo wa mfinyanzi na chumvi. Kile cheupe kinachong'aa ni chumvi, na wafugaji wa Kigabra huipeleka kwa mifugo yao.

Ziwa lile linajifanya kurudi kila siku saa sita mchana. Ni mazigazi: hewa iliyo karibu na ardhi inapata joto kali kuliko iliyo juu yake, mwanga unapinda ukipita humo, na jicho linaona kipande cha anga kimelala chini. Ubongo unasema: maji. Tuliona visiwa, tuliona miti inaelea, na mara moja tuliona ngamia kumi na kitu wakitembea juu ya bahari bila miguu. Mume wangu alisimamisha gari. Hatukusema kitu.

Lakini maji ya kuogopa Chalbi si yale yanayoonekana. Ganda la juu ni kavu na gumu. Gari linakwenda kilomita 60 kwa saa kama liko kwenye lami. Chini ya ganda, mahali pengine, tope halijawahi kukauka. Gurudumu likitoboa ganda, gari linakaa kama kijiko kwenye uji. Na mvua inayolainisha ganda si lazima inyeshe hapo ulipo. Inaweza kunyesha kwenye milima iliyo mbali, usiione wala usiisikie, nayo ikashuka kwa laga hadi bondeni huku juu yako jua linawaka.

Asubuhi tuliyotaka kuvuka kutoka Kalacha kwenda North Horr, kulikuwa na wingu jeusi upande wa Marsabit. Dogo tu, la ukubwa wa kiganja. Mume wangu akasema twende, tutafika kabla yake. Mimi nikasema tungoje. Kabla ya kutoka nyumbani tulikuwa tumekubaliana kwamba anayeogopa zaidi ndiye mwenye neno la mwisho, bila kuulizwa sababu. Basi tukamwendea mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mkoma, ule mnazi wa jangwani wenye shina linalogawanyika, tukamsalimu na kukaa. Mume wangu akamuuliza, "Mzee, njia ya katikati iko sawa?" Mzee hakutazama wingu. Alitazama tairi zetu, akamtazama mume wangu, akasema, "Iko sawa kwa ngamia."

Tulipitia kando, kwenye njia ya mchanga inayozunguka. Ilituongezea saa tatu. Jioni, North Horr, dereva wa lori alitusimulia gari lililozama katikati siku ileile. Lilitolewa kesho yake.

Mchanga na mawe

Nieleze kidogo habari ya tairi, maana hapa watu huharibu magari bure. Kwenye lami tairi letu hubeba upepo wa pauni 36. Pauni ni kipimo cha nguvu ya upepo kusukuma ukuta wa tairi. Mchangani tulishusha hadi 20. Tairi laini hulala na kutanuka kama mguu wa ngamia, likakanyaga eneo kubwa, lisizame. Ukifika kwenye mawe ya volkeno, rudisha upepo, kwa sababu tairi laini hutoa mashavu nje na mawe yale hukata kama wembe. Ndiyo maana pampu ni muhimu kuliko taa za ziada ambazo vijana hupenda kufunga kwenye bampa.

Zamu ya kisima

Ramani yetu ilionyesha njia kama nyuzi zilizotupwa ovyo. Ukiweka visima juu yake, nyuzi zinapata maana: kila njia inakwenda kisimani. Miji ya kule, Maikona, Kalacha, North Horr, ilikuwa visima na chemchemi kabla ya kuwa miji. Shule, kituo cha polisi na mnara wa simu vilikuja baadaye vikasimama karibu na maji, kama mbuzi.

Ngamia anaweza kukaa siku nyingi bila kunywa, wiki na zaidi, na akifika kisimani hunywa zaidi ya lita 100 kwa mkupuo. Zidisha kwa kundi la ngamia 80. Hapo utaelewa kwa nini maji hayawezi kuachiwa wenye nguvu. Miongoni mwa wafugaji wa Kiborana, kila kisima kikubwa huwa na mtu anayepanga zamu, anayeitwa abba herega: nani leo, nani kesho, ng'ombe kwanza au ngamia. Kwenye visima virefu vinavyochimbwa kwa mkono, wanaume husimama ngazi kwa ngazi wakirushiana ndoo kutoka chini hadi juu, na huimba ili mikono iende pamoja. Watalii huviita visima vinavyoimba. Nilipovisikia karibu na Marsabit nilidhani ni burudani. Ni kazi ngumu. Wimbo ukikatika, ndoo inaanguka.

Kwa msafiri sheria ni nyepesi. Usiendeshe gari hadi mdomoni mwa kisima. Usichote kabla ya kuomba. Usipige picha wanaume wanaochota, kwa sababu wako kazini na mara nyingi hawana nguo. Na ukipewa, chukua kidogo.

Ziwa usiloweza kulinywa

Siku ya nne tulifika kwenye ukingo, gari likasimama, na Turkana likawa chini yetu. Niseme wazi: nilikuwa nimechoka na maneno ya sifa ya vitabu vya utalii, na bado nililia. Baada ya siku tatu za mazigazi, macho yanakataa kuamini. Rangi yake hubadilika na upepo, kati ya buluu na kijani, kwa sababu mwani mdogo mdogo hupanda juu na kushuka.

Watu wa Pwani wana haki ya kuijua hadithi ya ukingo ule. Mwaka 1887 msafara wa Samuel Teleki, bwana wa Kihungaria, pamoja na mwenzake Ludwig von Höhnel wa Austria, ulianza safari Pangani. Mamia ya waliobeba mizigo walikuwa watu wa Pwani na Unguja, na miongoni mwa viongozi wa msafara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe mwenyeji wa Pangani. Mwezi Machi 1888, wakiwa na kiu iliyowachosha kabisa, waliliona ziwa na kulikimbilia. Wakanywa. Ilikuwa magadi. Wageni wale wakalipa ziwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria aliyefariki mwaka uliofuata bila kuliona. Wanaoishi ufuoni walikuwa na majina yao wenyewe, na mwaka 1975 serikali ya Kenya ililipa jina la Turkana.

Kwa nini magadi? Ziwa hili, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250, halina mlango wa kutokea. Takriban asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Kerio na Turkwel huongeza kidogo. Hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kupanda hewani tu, zaidi ya mita 2 kila mwaka, na jua halibebi chumvi. Fikiria sufuria ya mchuzi jikoni ambayo kila ikipungua unaongeza maji yenye chumvi kidogo. Baada ya maelfu ya miaka mchuzi haunyweki. Bado si bahari: lita moja ya Turkana ina gramu 2 na nusu hivi za chumvi, na ya bahari ina 35. Ndiyo maana samaki na mamba wanaishi humo, na mtu mwenye kiu huweza kujilazimisha. Lakini kuna floridi nyingi, madini yale yale yanayotiwa kidogo kwenye dawa ya meno. Yakizidi hutia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Tuliyaona meno hayo kwa watu walioishi ufuoni maisha yao yote.

Sangara na perege wa Turkana wana ndugu zao Mto Nile. Walifikaje jangwani? Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita ziwa lilikuwa juu ya usawa wa leo kwa makumi ya mita, likafurika kaskazini magharibi hadi likaungana na Nile. Mvua zilipopungua mlango ulifungwa, samaki wakabaki.

Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena, kama ilivyokuwa kwa maziwa ya Baringo na Naivasha. Karibu na mji wa Loiyangalani wanaishi Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi ambao lugha yao ya asili imekaribia kutoweka. Kijiji chao kimoja, Komote, kilizingirwa na maji kikawa kisiwa, na watoto wakahitaji mashua kufika shule. Upande mwingine kuna hofu ya kinyume, ya maji kupungua: bwawa la Gibe III lililozinduliwa kwenye Omo mwaka 2016, pamoja na mashamba ya miwa yanayonyweshwa na mto huo. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za taifa za Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mimi sioni ukinzani. Ziwa lenye mshipa mmoja linategemea kila anayeushika mshipa ule, na watu wa Komote hawaketi kwenye mikutano ya wanaoushika.

Kwa ufupi: chunga madumu yako ukiwa ufuoni kuliko ulipokuwa jangwani. Ziwa litakufanya usahau. Loiyangalani kuna chemchemi ya maji matamu na mikoma mingi. Mji upo pale kwa sababu ya chemchemi, si kwa sababu ya ziwa.

Upepo

Usiku Loiyangalani haulali. Upepo unapita katikati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kama hewa kwenye ushoroba wa nyumba, na unapamba moto kuanzia magharibi hadi asubuhi. Egesha gari likiutazama upepo. Usifungue milango ya pande mbili kwa wakati mmoja. Tulimwona fundi akinyoosha bawaba za gari la wageni waliofanya hivyo. Kusini ya mji, Sarima, upepo huohuo huzungusha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, iliyoungwa kwenye gridi ya taifa mwaka 2018. Usiku ule tulilala kwa taa ya betri, na jirani zetu pia.

South Horr

Kupanda kutoka ziwani kwenda kusini ndicho kipande kilichotuumiza kuliko vyote. Mawe meusi ya ukubwa wa vichwa, kilomita baada ya kilomita, na tairi mbili zikaisha. Saa nane mchana njia ikaingia bonde la South Horr, chini ya Mlima Nyiru, miti ikaongezeka, hewa ikapoa, na mume wangu akazima injini ghafla. Nilidhani ni redieta.

"Sikiliza," akasema.

Ulikuwa mto. Mdogo, wa kuruka kwa hatua moja, ukipita juu ya mawe. Hatukuwa tumesikia maji yanayotembea tangu tuondoke Nanyuki. Tulivua viatu. Wasichana wa Kisamburu waliokuwa wakijaza mitungi wakatucheka kwa namna tulivyokaa mle, watu wazima, na nguo zetu.

Tulipopanga vitu jioni, madumu manne yalikuwa matupu na moja halijafunguliwa. Nikataka kulimwaga, gari liwe jepesi kwa mlima wa kwenda Maralal. Mume wangu akaweka mkono juu yake. Tulilibeba likiwa limejaa hadi nyumbani.